Kesi ya Msemaji wa Kati Nchini Vigodani

Niliingia Vigodani siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Kulikuwa na manyunyu, baridi kiasi, na upepo mdogo uliovuma kutoka kusini. Namna nilivyofika haina umuhimu, kwa hiyo naiacha.

Nilitumwa na ofisi yangu. Idara zetu mbili, ya takwimu na ya uhusiano, zilikuwa zimeacha kusalimiana tangu mwezi wa Machi. Mkurugenzi alikuwa amesikia kwamba Vigodani ndiyo nchi pekee ambayo raia wake wanaelewa jinsi vichwa vya wenzao vinavyofanya kazi, na kwamba nchini humo hakuna anayegombana na mwenzake kazini wala nyumbani. Nilipewa siku kumi za kwenda kuona na kuandika.

Afisa wa mpakani hakuniomba hati yoyote. Alikuwa ameketi juu ya kigoda cha miguu minne, na aliniuliza swali moja tu.

"Nyumba inaungua. Unafanya nini?"

"Nyumba ya nani?" niliuliza.

"Mitatu," alimwambia mwenzake, naye akaniletea kigoda cha miguu mitatu chenye mkanda wa kuvalia mgongoni.

Nilitaka kujua sababu. Afisa alieleza kwa utulivu kwamba mtu wa mguu mmoja husema "Maji!" kabla swali halijaisha. Mtu wa miguu miwili humgeukia aliye nyuma yake wakaanza kulijadili. Mtu wa miguu minne huomba karatasi. Anayeuliza nyumba ni ya nani huwa amewafikiria wenye nyumba kwanza, na huyo ni wa miguu mitatu.

"Lakini niliuliza kwa sababu sijui ni nyumba gani," nilisema.

"Bwana," alijibu, "hivyo ndivyo wasemavyo watu wa miguu mitatu wote. Wanaofuata!"

Mfumo wenyewe ni rahisi, na unastahili kuelezwa vizuri. Wananchi wa Vigodani wamegawanywa katika makundi manne kulingana na namna wanavyofikiri kwa asili. Wa mguu mmoja hufikiri kwa kuruka: jibu huja kwanza, sababu hufuata baadaye, na kuna siku hazifuati kabisa. Wa miguu miwili hawajui wanafikiri nini mpaka wamwambie mtu. Wa miguu mitatu hutazama kwanza ni nani atakayeumia. Wa miguu minne hupanga. Hawatoi neno mpaka maneno mengine yote yawe yamepangwa nyuma yake. Kila raia hupimwa akiwa na umri wa miaka kumi na miwili na kupewa kigoda chake, ambacho hubeba popote aendapo. Kuketi juu ya kigoda cha mwingine ni kosa. Kuketi juu ya kiti ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa kiti kina mgongo, na mgongo haujaainishwa.

Niliambiwa kwamba mambo haya yalianzishwa na mwalimu mkuu wa shule moja, Mwalimu Chausiku. Alikuwa amechoka kuona walimu wake wakiwapiga watoto wanaochelewa kujibu na kuwacheka wanaojibu upesi. Aliweka vigoda vya aina nne darasani ili mwalimu, kabla ya kukasirika, akitazame kigoda na kumwuliza mtoto, "Hebu niambie, wewe huwa unafikaje kwenye jibu?" Swali hilo ndilo lililokuwa uvumbuzi wake. Vigoda vilikuwa vya kulikumbushia tu. Baada ya kifo chake serikali ilivihifadhi vigoda na kulifuta swali, kwa maelezo kwamba kigoda chenyewe kimeshajibu. Sanamu yake ipo katikati ya Makalioni, mji mkuu. Amesimama wima, kwa sababu Baraza halijaafikiana aketishwe juu ya kigoda gani.

Katika siku zangu za kwanza nilitembelea maeneo mengi. Kikosi cha zimamoto ni cha watu wa mguu mmoja watupu. Nilishuhudia wakifika katika nyumba moja kwa kasi ya ajabu na kuilowesha kuanzia paa hadi godoro. Nyumba iliyokuwa ikiungua ilikuwa ya tatu kutoka hapo. Idara ya Mipango ni ya miguu minne, na nilionyeshwa mpango wake wa kuandaa mipango, ambao utakamilika baada ya miaka sita. Redio ya taifa ni ya miguu miwili. Taarifa ya habari huanza saa mbili, na kufikia saa nne watangazaji huwa wamekaribia kukubaliana ni habari gani.

Mtaani, hakuna anayekutazama usoni kabla ya kuzunguka nyuma yako ahesabu miguu. Nilimsikia mtu akiuliza saa, na mwenzake akamjibu, "Wewe ni miwili, ndugu yangu. Nikikutajia saa utataka tuizungumzie." Aliendelea na safari yake. Katika mgahawa niliagiza chai na maandazi. Baada ya saa nzima nilimwita mhudumu.

"Chai yangu iko wapi, dada?"

"Imo katika mpango wa kesho," alisema, akageuka ili nikione kigoda chake. "Mimi ni wa minne, kaka. Usinilazimishe kwenda kinyume na maumbile."

Kwenye meza ya jirani alikuwapo kijana aliyekuwa amemtukana mama mkwe wake mbele ya watu. Alikuwa akipokea pole. "Mguu mmoja," walisema wenzake kwa huruma. "Atafanyaje?"

Niliandika katika daftari langu kwamba nchi hii kweli haina ugomvi. Hakuna anayegombana na kigoda.

Idara ya Wageni ilinipangia kulala kwa Makungu na mkewe Sikudhani, waokaji wa mikate wa Mtaa wa Tanuri. Makungu alikuwa mtu mwembamba wa mguu mmoja, mwenye mikono isiyotulia. Sikudhani alikuwa mwanamke mpana, mpole, wa miguu minne, ambaye alipokusalimu ulihisi kwamba salamu hiyo imepitiwa mara mbili. Walikuwa wameoana miaka saba. Katika nyumba hiyo aliishi pia Bwana Pazi.

Sheria ya Vigodani husema kwamba wanandoa ambao tofauti ya vigoda vyao inazidi mguu mmoja hawawezi kuelewana, na kwa hiyo ni lazima wakae na msemaji wa kati, aliyeajiriwa na Baraza, wa kumfikishia kila mmoja maneno ya mwenzake. Pazi alikuwa msemaji wa kati wa nyumba hiyo kwa miaka yote saba. Alikuwa wa miguu mitatu, mnene, mwenye sauti laini. Mezani aliketi katikati yao. Ukumbini palikuwa na zulia lake. Chumba cha wenyeji wangu hakikuwa na mlango, kwa kuwa sheria inamtaka msemaji wa kati awe karibu endapo watahitaji kuongea.

Jioni ya kwanza nilishuhudia kazi yake.

"Chumvi iko wapi?" Makungu aliuliza.

Pazi alimgeukia Sikudhani, akaweka mkono kifuani. "Mumeo anasema kuna kitu anakikosa katika maisha haya."

Sikudhani aliweka kijiko chini. Alitafakari. Nilihesabu dakika nne. "Mwambie kwamba kama ni kuhusu safari ya kwa mama yake, nina mambo matatu ya kueleza. La kwanza..."

"Mkeo amejeruhika," Pazi alimwambia Makungu.

"Kwa sababu ya chumvi?" Makungu aling'aka.

"Anauliza kama umejeruhika," Pazi alimwambia Sikudhani, huku akichukua kipande cha tatu cha mkate.

Kikopo cha chumvi kilikuwa mbele ya kiwiko chake muda wote huo.

Nilidhani nyumba hiyo ilikuwa imezoea. Siku ya pili, Pazi alipokwenda kuoga, Sikudhani aliniita tanurini na kuniambia kwamba walikuwa na kesi. Walikuwa wameandika ombi kwa Baraza la Vigoda kutaka msemaji wa kati aondolewe nyumbani mwao. Kesi ingesikilizwa siku ya Jumatano ya wiki iliyofuata. Wakishinda, Pazi angeondoka. Wakishindwa, wangehesabiwa kuwa wamekiri kwamba hawaelewani wala hawataki kueleweshwa, na ndoa yao ingevunjwa hapohapo.

"Ndoa yote?" niliuliza.

"Yote, baba," alisema. "Hawavunji nusu."

Nilimwuliza kwa nini wajiingize katika hatari ya namna hiyo. Aliniambia ningojee. Nilingojea mpaka saa kumi alasiri, ndipo aliponijibu, na jibu lake lilikuwa zuri kiasi kwamba naliandika hapa karibu neno kwa neno.

Mwaka uliopita Pazi aliugua matubwitubwi. Mashavu yalimvimba, akashindwa kusema, akafungiwa chumba cha nyuma kwa siku kumi na moja. Baraza halikuwa na msemaji mwingine wa kuwapa. Kwa siku nne Makungu na Sikudhani waligombana kama walivyokuwa hawajawahi kugombana, uso kwa uso, kuhusu hamira, kuhusu kuni, kuhusu shangazi. Siku ya nne mikate mia mbili iligoma kuumuka kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyetia hamira. Siku ya tano Makungu aliketi chini, sakafuni, bila kigoda, akamwuliza:

"Unaponyamaza hivyo, huwa unafanya nini?"

Sikudhani alitafakari tangu asubuhi hadi alasiri. Makungu alikanda unga wa siku tatu ili asiongee. Mwishowe Sikudhani alimjibu: "Napanga. Miaka yote hii unadhani nimenuna. Sijanuna, napanga tu." Kisha naye alimwuliza: "Na wewe, unapojibu kabla sijamaliza, huwa unanidharau?"

"Hapana!" Makungu alisema papo hapo. Halafu alisema, "Labda kidogo." Halafu alikuna kichwa na kusema: "Unajua nini, mke wangu? Jibu langu la kwanza ni kikohozi tu. La pili ni kusafisha koo. La tatu ndilo jibu. Ungesubiri la tatu."

"Na wewe ungesubiri langu la kwanza," alisema Sikudhani.

Kuanzia siku hiyo Sikudhani aliandika maswali yake kwa chaki kwenye mlango wa tanuri. Makungu aliruhusiwa kukohoa majibu mawili yasiyohesabiwa. Sikudhani aliruhusiwa kunyamaza mpaka mikate itoke. Siku ya kumi na mbili Pazi alipona, akarudi mezani na kuketi katikati. Tangu siku hiyo, kila alipofungua kinywa walitazamana kwa juu ya kichwa chake.

Baraza la Vigoda hukutana katika ukumbi wa mviringo. Jumatano, saa nne asubuhi, niliketi nyuma kabisa. Wajumbe walikuwa arobaini, kumi wa kila aina. Wa mguu mmoja walikuwa wamekwisha kupiga kura kabla hatujaingia; walikuwa wakitaka kujua ni kesi gani. Wa miguu miwili walinong'onezana wawili wawili, na mmoja aliyekosa mwenzake aliletewa karani mdogo wa kumnong'oneza. Wa miguu mitatu waliwauliza Makungu na Sikudhani kama wamekula, wakaanza kulia. Wa miguu minne walitangaza kwamba kura yao itatolewa baada ya mavuno.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Lukelo, wa miguu minne, mzee mkavu aliyevaa miwani mbili. Aligonga meza. Katibu wa Baraza, Bwana Ngwembe, alisoma maelezo ya Pazi, kwa kuwa msemaji wa kati ana haki ya kupinga kuondolewa. Maelezo yalikuwa na shtaka moja: Makungu humkatiza mkewe. Pazi aliongeza kwa mdomo kwamba hana kinyongo, kwamba anawapenda kama ndugu, na kwamba mikate ya nyumba hiyo haina mfano.

"Swali ni moja," alisema Lukelo. "Je, mnakiri kwamba hamwezi kuelewana? Bwana Ngwembe, wasomee utaratibu."

Ngwembe aliusoma. Kwa kuwa ombi ni la pamoja, jibu ni moja. Jibu hutolewa na mwenye miguu michache, ndani ya hesabu ya kumi, kwa sababu mtu wa mguu mmoja hawezi kufikiri zaidi ya hapo. Mtu wa mguu mmoja akinyamaza mpaka kumi, kimya chake kinahesabiwa kuwa ndiyo. Mwenye miguu minne anaruhusiwa kutoa maelezo yake wakati huohuo, lakini jibu likitolewa, maelezo yanakatishwa.

Nilielewa mtego kabla ya Ngwembe kukunja karatasi. Makungu akijibu "hapana", atakuwa amemkatiza mkewe mbele ya mashahidi arobaini, na shtaka la Pazi litakuwa limethibitika. Akinyamaza, atakuwa amekiri.

"Sikudhani binti Mwinyigogo, anza," alisema Lukelo.

Sikudhani alisimama na karatasi yake. Alikuwa ameiandika kwa usiku sita, na ilikuwa na hoja saba.

"Kwanza," alianza, "nataka nieleze jinsi mkate unavyoumuka."

"Moja," alisema Ngwembe.

Nilimtazama Makungu. Jibu lilikuwa kinywani mwake. Umbo lake lilionekana kwenye shavu.

"Mbili. Tatu."

"Unga ule ule, maji yale yale," Sikudhani alisoma, bila haraka, "lakini unga mmoja huumuka kwa saa moja, na mwingine kwa saa tano. Hatusemi kwamba unga wa saa tano umenuna."

"Nne. Tano."

"Jibu, mguu mmoja!" mjumbe mmoja alipiga kelele. "Unatutia aibu!"

"Anaumwa huyo," alisema mwingine. "Mtazameni macho."

Mjumbe wa miguu mitatu alileta maji. Makungu aliyanywa yote, nadhani ili kinywa kiwe na kazi.

"Sita. Saba. Nane."

"Pili," alisema Sikudhani, na hapo tu ndipo alipoinua macho kumtazama mumewe. Aliona alichokuwa akikifanya. Angeweza kukaa chini na kumwachia ajibu. Makungu alitikisa kichwa kidogo sana: endelea.

"Tisa," alisema Ngwembe, na hata yeye alipunguza mwendo. "Kumi."

Hakuna aliyewahi kumwona mtu wa mguu mmoja akivuka kumi. Sikudhani aliendelea kusoma hoja ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, ingawa kesi ilikuwa imekwisha kuamuliwa na maneno yake yalikuwa hayaandikwi tena. Ilimchukua dakika ishirini na sita. Makungu alisikiliza zote. Alipomaliza, Makungu alisema neno lake la kwanza asubuhi hiyo.

"Vizuri," alisema.

Lukelo alivua miwani moja. "Baraza limepokea ukiri wenu. Bwana Ngwembe, soma amri ya kutenganishwa."

Pazi alikuwa ameanza kulia, na sikuwa na sababu ya kudhani kwamba anaigiza. Ngwembe alisoma: ndoa ya Makungu na Sikudhani imevunjwa kuanzia saa hiyo, cheti kitachanwa, kila mhusika atahesabiwa kuwa mgeni kwa mwenzake, na watatawaliwa na Sheria ya Wageni; amri itaanza kazi itakapopigwa muhuri wa Mwenyekiti.

"Una swali lolote?" Lukelo alimwuliza Sikudhani, kwa desturi tu. Watu wa miguu minne huulizwa hivyo, nao huomba siku thelathini.

"Ninalo," alisema Sikudhani. "Naomba nisomewe Sheria ya Wageni. Yote, tangu mwanzo."

Wajumbe wa mguu mmoja waliguna. Wawili walitoka nje. Ngwembe alitafuta kitabu, akafuta vumbi, akasoma. Kifungu cha kwanza kilihusu forodha. Cha pili kilihusu mbwa. Cha tano kilihusu wageni wanaokufa bila kuaga. Sikudhani alisikiliza kila kimoja mikono ikiwa imekunjwa mapajani, kama mtu anayesubiri tanuri lishike moto. Ngwembe alifika kifungu cha kumi na tisa.

"'Mgeni anaweza kulala katika nyumba ya mwenyeji yeyote, wa kigoda chochote, kwa muda wote ambao mwenyeji atamvumilia. Mgeni na mwenyeji hawahitaji msemaji wa kati, kwa kuwa wageni hawatarajiwi kuelewana.'"

"Rudia hapo, tafadhali," alisema Sikudhani.

Ngwembe alirudia. Nadhani Lukelo alikuwa ameanza kuelewa, kwa sababu aliunyoosha mkono polepole kuelekea kwenye amri, na alikuwa akiupanga vizuri njiani. Wa miguu miwili walikuwa wakiulizana amesema nini. Sikudhani alifungua kinywa kusema "Kwanza".

Makungu alikuwa mezani tayari. Sijui aliruka vipi. Aliushika muhuri kwa mkono mmoja na mkono wa Lukelo kwa mwingine, akauweka muhuri katika mkono huo, akaupiga juu ya amri kwa kishindo kilichoangusha wino.

"Tumetengana!" alisema. "Asante sana, Mheshimiwa! Asanteni nyote! Mungu awabariki!"

"Ngoja," alisema Lukelo. "Ngoja kwanza. Kuna jambo hapa linalohitaji..."

"Muhuri umepigwa," alisema Ngwembe, akitazama karatasi kwa uso mgumu. Kisha, kwa sauti ya chini, nami nikiwa nimesogea mbele kiasi cha kumsikia: "Mke wangu ni wa miwili, na mimi ni wa minne. Msemaji wetu anapiga filimbi usingizini."

Sikudhani alikusanya karatasi zake saba na kuzipanga. Alimgeukia Makungu na kumtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na jirani katika mji wa mbali.

"Nilikuwa sijamaliza," alisema.

"Najua," alisema Makungu. "Mara hii ilibidi. Nisamehe."

"Mara hii," alikubali Sikudhani.

Hivi ndivyo kila mmoja alivyofanya baadaye.

Mheshimiwa Lukelo alipendekeza kifungu cha kumi na tisa kifutwe. Pendekezo lilipelekwa kwa kamati ya miguu minne, ambayo itakutana baada ya mavuno kupanga tarehe ya kukutana.

Bwana Ngwembe aliandika ombi la kutenganishwa na mkewe. Lilikuwa ombi la kwanza kati ya mia tatu na kumi na mawili yaliyopokelewa kufikia Ijumaa. Mkewe alishika kalamu pamoja naye.

Bwana Pazi alibeba zulia lake na kuhamia nyumbani kwa Mheshimiwa Lukelo, ambaye mkewe ni wa mguu mmoja. Alichukua mikate mitano ya njiani. Sikudhani ndiye aliyemfungashia.

Mimi nilirudisha kigoda mpakani, nikaandika ripoti ya ukurasa mmoja yenye swali moja tu, lile la Mwalimu Chausiku, nikaiwasilisha kazini.

Sikudhani alikwenda Mtaa wa Tanuri na kubisha hodi. Makungu alimfungulia, akamkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni, akamwonyesha mahali pa kuweka viatu. Alimwuliza kama anatarajia kukaa siku nyingi. Sikudhani alisema atafikiri. Makungu aliweka birika jikoni, akakitilia mlango chumba cha kulala, na kungojea.

Alijibiwa siku ya nne.